Springi Alivyoshusha Gari

Mtaani walimwita Springi, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na gari. Karibu kila kitu katika maisha ya mtu huyu kilitokana na gari, isipokuwa mkewe, ambaye naye, ukifuatilia vizuri, alitokana na gari.

Lilikuwa gari la dizeli la zamani, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye uso wa mraba na taa mbili za duara zilizolipa sura ya mtu aliyeamshwa ghafla akaulizwa swali. Rangi yake ya kwanza ilikuwa nyeupe ya serikali. Ya sasa ilikuwa mchanganyiko wa kila kilichobaki kwenye makopo ya Springi. Mgeni aliyeitafuta nyumba hiyo hakuhitaji kuelekezwa sana: aliambiwa atembee hadi aone paa la gari juu ya ukuta wa matofali, na pembeni yake bomba jeusi limesimama kama jirani anayechungulia. Kuta za nyumba nyingine zilificha magari. Ukuta wa Springi ulikuwa umeshindwa kazi hiyo siku nyingi.

Ujanani alikuwa dereva wa idara ya maji, kitengo cha kuchimba visima. Kazi yake ilikuwa kubeba mabomba, mapipa ya dizeli na wahandisi, kwa mpangilio huohuo wa umuhimu. Walilala kwenye mahema, wakaamka na baridi, wakachemsha chai, wakachimba. Mara nyingine maji yalitoka. Yasipotoka, mhandisi aliandika ripoti na dereva aligeuza gari. Hadi uzeeni Springi aliikumbuka harufu ya asubuhi zile, dizeli na majani mabichi na sufuria ya chai iliyowekwa juu ya boneti ili isipoe, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba chai ya siku hizi imeharibika kwa sababu inanywewa mezani.

Halafu kukawa na suala la mto.

Siku hiyo zahanati iliazima gari la idara kumpeleka muuguzi na sanduku la chanjo ng'ambo ya pili. Muuguzi alikuwa msichana mrefu, mkimya, na kila mtu alimwita Sista kama wauguzi wote wanavyoitwa. Kanuni ya idara ilisema kwamba kwenye kivuko dereva ashuke kwanza, apime kina kwa fimbo. Dereva wetu, akiwa kijana na akiwa ameketi karibu na msichana mrefu, aliona kwamba mtu anayepima maji kwa fimbo anatangaza woga. Aliingia moja kwa moja. Gari lilifika katikati ya mto, likakohoa, likanyamaza. Maji yakaingia milangoni taratibu, kama wageni walioalikwa.

Sista hakupiga kelele. Alivua viatu, akaviweka juu ya sanduku, akajitwika sanduku kichwani, akafungua mlango na kuteremka. Maji yalimfika mapajani. Kabla hajaondoka aligeuka.

"Pole, Dereva," alisema.

Hakucheka, na hilo ndilo lililomwumiza kijana. Angecheka, naye angenuna kidogo, mambo yangeisha palepale. Alimtazama akivuka, miguu ikitafuta mawe chini ya maji na kuyapata, bila haraka, hadi akapanda ukingo wa pili na kuvaa viatu vyake. Yeye alikaa juu ya boneti hadi walipoletwa ng'ombe wa kulivuta gari. Jioni ile walifungua nozeli zote, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, na kuizungusha injini ili iteme maji, na maji yakaruka juu kwa nguvu, yakiwa ndiyo mafanikio pekee ya kitengo cha visima kwa msimu ule.

Baadaye alimwoa. Sababu zilikuwa nyingi na nzuri, na mojawapo, ambayo hakumtajia mtu, ni kwamba alihitaji nafasi ya kuvuka tena mbele yake. Maisha yao yote yeye alimwita mkewe Sista, naye mkewe alimwita Dereva, mpaka binti yao alipoanza shule akawaandikisha kwa mwalimu kwa majina hayo.

Ilikuwa miaka ya raha. Kila walipopata likizo walikwenda milimani kwa dada yake Sista, na idara ilijifanya haioni gari lake likipita. Sista alikuwa akirukia kiti kabla gari halijasimama vizuri, anateremsha kioo, anatoa kiwiko nje, na kitambaa chake cha kichwa kinapepea hadi kifunguke. Springi alikuwa akimkanya kuhusu kurukia gari linalotembea. Alimkanya kwa miaka mingi, na hakuna siku alitaka asikilizwe.

Mwishowe idara ikaliona gari limezeeka, ikamuuzia dereva, na mwaka huohuo ikamwona yeye naye amezeeka, ikamstaafisha. Wakahamia nyumbani pamoja. Kwa mara ya kwanza gari lilikuwa lake, na hapakuwa na kanuni.

Akaanza kuinua.

Kwanza aliongeza pleti. Springi za gari kama lile ni vyuma bapa vilivyobebana, kila cha chini kifupi kuliko cha juu yake. Ukiongeza kimoja kutoka kwenye lori bovu, gari linainuka na mgongo wa abiria unapata habari. Aliongeza kimoja. Halafu kingine. Fundi aliyemfanyia kazi hiyo, pande la mtu lililoitwa Nyundo, alimwambia imetosha, naye akasema bado, na karakana nzima ikasikia, na jina likazaliwa hapo.

Marekebisho yana tabia ya kuzaana. Gari lilipoinuka, mipira ya breki ikawa mifupi, akairefusha. Propela, lile fimbo la chuma linalozungusha magurudumu, ikaanza kutetemeka kwa kuwa pembe yake ilikuwa imebadilika, akaitafutia kipande cha chuma cha kuituliza. Sasa palikuwa na uwazi mkubwa chini ya madigadi, na kuuacha bure aliona ni dhambi, akafunga matairi makubwa. Matairi yakagusa madigadi, akakata madigadi. Matairi mazito yakaichosha injini, akaifungia turbo ya kuiongezea nguvu, iliyotoka kwenye gari la watu wengine. Turbo ikataka hewa nyingi na safi, ndipo likaja lile bomba la ubavuni, alilolitengeneza kwa kipande cha bomba la kisima, likipanda kutoka kwenye injini hadi juu ya paa. Maji yangeweza kufika kwenye kioo cha mbele na injini ingeendelea kuvuta pumzi. Abiria wangejitegemea.

Yote hayo yalikuwa maandalizi ya mto ule. Hakuwahi kusema hivyo, na pengine mwenyewe hakujua. Ila siku gari lilipokamilika na Nyundo akasimama mbali kulitazama kwa macho ya mzazi kwenye mahafali, mto ulikuwa umeshajengewa daraja la zege, na lami ilikuwa imepita juu yake hadi milimani. Springi alipolivuka daraja hilo mara ya kwanza alipunguza mwendo akachungulia chini. Alisema tu kwamba halijajengwa vizuri.

Jumamosi ilikuwa siku ya matunzo. Alianza kwa kulegeza skrubu ya chini ya chujio la dizeli na kumwaga maji yaliyojikusanya, maana maji, alivyosema, hayana haraka na yanajua unapoishi. Alipaka grisi kila kiungo kilichotaka grisi na vingine ambavyo havikuomba. Kisha aliwasha injini, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kila nozeli, mpini sikioni, akasikiliza kwa uso wa daktari ambaye hataki mgonjwa ajue. Mwisho alikwenda nyuma kutazama moshi. Mweusi ni chakula kingi kuliko pumzi. Mweupe ni dizeli isiyoungua. Wa bluu ni oili inayoliwa ndani kwa ndani, na huo ni uzee. Watu nao aliwapima hivyohivyo. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu, alikuwa moshi mweusi. Mwenyekiti wa mtaa, mwenye mipango mizuri ya mwaka ujao, alikuwa mweupe: hajapata moto bado. Wa bluu hakumtajia mtu, kwa kuwa rika lake lote lilikuwa limeshafika huko.

Katikati ya matunzo hayo yote, hakuona siku ambayo Sista aliacha kupanda gari.

Ni kweli kwamba hapakuwa na siku maalumu. Sokoni akaanza kwenda kwa miguu, akisema ananyoosha viungo. Kwa binti yao akapanda basi, akisema kituo kiko karibu. Kwenye mazishi ya jirani alikwenda na wanawake wenzake, jambo ambalo halikuhitaji maelezo. Springi alibaki anaendesha peke yake hadi dukani na kurudi, juu kabisa, akiwatazama watu kwenye utosi.

Ndipo dada yake Sista akapiga simu. Alikuwa amezeeka, akili yake ikija na kuondoka, na siku hiyo ilikuwa imekuja. "Njooni wote wawili kama zamani," alisema, kwa sauti ya watu wanaodhani simu inahitaji kusaidiwa. "Nitawasikia tangu bondeni!" Springi, aliyekuwa chumba cha pili, alisikia bila shida yoyote. Alitoka nje palepale kukagua oili.

Asubuhi iliyofuata, mezani, Sista alisema kama anayeomba chumvi:

"Mkwe atatupeleka."

Mkwe alikuwa mume wa binti yao, mtu wa ofisini, mpole, mwenye kigari cha petroli kisicho na sauti.

"Atatupeleka wapi?"

"Kwa dada. Ijumaa asubuhi."

"Na gari?"

"Ana gari."

"Nasema gari, Sista."

"Dereva, mtu ana gari. Lina milango, lina viti, linawaka."

"Kile kisanduku cha viatu? Mlima ule kitaupandia wapi?"

"Kwenye lami."

Springi aliweka kikombe chini. "Na dada yako aliyesema atatusikia tangu bondeni, atasikia nini?"

"Atatuona tukifika. Itatosha."

"Haya. Na mimi humo ndani nakaa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma!"

"Mbele nakaa mimi."

Springi alikuwa hajakaa kiti cha nyuma cha gari lolote tangu alipopata leseni. Alijiona magoti yakiwa kidevuni, akipanda milimani kama mzigo wa viazi, huku kijana wa ofisini akibadilisha giya mbele yake. Akauliza, kwa upole uliomgharimu:

"Gari letu lina nini?"

"Halina kitu. Gari zuri."

"Kama ni zuri, mbona hatulipandi?"

"Tumelipanda sana. Kunywa chai, inapoa."

Mteja asiyetaka kusema gari lake lina nini ni mgumu kuliko gari lenyewe, na Springi alikuwa amewaona wengi kwa Nyundo. Dawa yake ni moja: unajaribu kifaa kimoja baada ya kingine mpaka tatizo litoke lilipojificha. Alikuwa na wiki nzima, akaanza kazi.

Aliamua kwamba ni kelele. Akatandika raba nene sakafuni, akaziba kila tundu lililopitisha sauti ya injini, akafunga silensa mpya. Alipomwita, Sista alitoka hadi barazani, akifuta mikono kwenye kanga, akasikiliza.

"Kweli," alisema. "Limetulia kama mtu mzima." Akarudi jikoni.

Basi ni harufu. Akabadilisha mipira yote midogo ya kurudishia dizeli, akaosha injini hadi ikaona haya, akatundika ndani kile kikaratasi cha manukato ambacho maisha yake yote alikuwa akiwacheka wanaokitundika. Sista alinusa kutoka barazani. Akasema linanukia kama saluni. Akarudi jikoni.

Basi ni kiti. Fundi wa makochi aliletwa, kiti cha abiria kikajazwa sponji mpya na kushonewa kitambaa chenye maua, kwa kuwa fundi alisema wanawake wanapenda maua.

"Maua mazuri," Sista alisema kutoka barazani.

"Njoo ukikalie basi, uone."

"Nimeacha kitu jikoni."

Alikuwa na vitu vingi sana jikoni wiki hiyo, na chakula kilikuwa kilekile.

Jumatano adhuhuri Springi alikuwa chini ya gari. Alikuwa amefikia mtetemo, ndiye mtuhumiwa wa mwisho, na alikuwa akifungua propela abadilishe bushi zake. Faida moja ya gari lile ni kwamba mtu aliingia chini yake mzima bila jeki, akatandika mkeka, akakaa kama kwake. Alikuwa chali, bolti imebanwa kwenye meno na mikono yote miwili juu, aliposikia Sista akiita "Dereva!" upande wa nyuma wa nyumba. Kwa sababu ya bolti hakuitika. Sista akaita tena, akanyamaza, akaridhika kwamba hayupo.

Kisha miguu yake ikatokea.

Ilikuja pole hadi upande wa abiria, ndani ya ndala za bluu. Pembeni yake vikaja vijiti vya kigoda cha jikoni, vikawekwa chini na kusogezwa mara mbili hadi vikatulia. Springi alisikia mlango ukifunguliwa. Mguu wa kushoto ukapanda kigoda. Wa kulia ukaja kuungana nao, ukakawia, kigoda kikalia. Halafu mguu wa kushoto ukainuka kutafuta ngazi ya gari, ukafika nusu, ukatetemeka hewani, ukarudi. Ukajaribu wa kulia. Huo haukufika hata nusu. Kutoka juu ikasikika sauti fupi, ile sauti ambayo mtu huitoa akiwa na hakika kwamba yuko peke yake.

Akashuka, mguu mmoja, wa pili ukafuata. Miguu ikasimama pamoja kwenye vumbi muda mrefu kidogo, imeelekea gari, kama watu waliofika ofisini wakakuta imefungwa. Goti la kulia, alilokuwa akiliona kwa mara ya kwanza toka upande huo, lilikuwa limevimba. Kisha mlango ukasukumwa taratibu usije ukalia, kigoda kikainuliwa, na ndala zikarudi zilikotoka.

Springi alibaki na bolti mdomoni. Miguu ile alikuwa ameshawahi kuitazama hivyo, bila la kufanya, ikivuka maji yaliyomshinda yeye. Tangu hapo kila pleti aliyoiongeza ilikuwa ni kwa ajili ya miguu hiyo isilowe tena, na alikuwa amefanikiwa. Alikuwa ameinua kiti mpaka mahali ambapo maji hayakifikii, na Sista hakifikii.

Alizifunga zile bolti za propela, akatoka, akanawa. Sista alikuwa jikoni akiimba kwa pua.

"Kumbe upo?"

"Ndiyo kwanza narudi," alisema Springi, na akaenda kwa Nyundo.

Karakana ya Nyundo ilikuwa uwanja wa vyuma na kivuli cha mabati. Nyundo mwenyewe alikuwa ameshakuwa mtu wa kitambi, akifanya kazi peke yake kwa kuwa hakuna aliyevumilia kelele zake. Aliliona gari likiingia, akatabasamu.

"Karibu, mzee wangu! Leo tunaongeza ngapi?"

"Leo unashusha."

Nyundo aligeuza sikio. "Sema tena."

"Shusha. Lirudi lilivyotoka kiwandani."

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi."

"Watu wanakuja hapa toka mji wa pili niwainulie magari. Nikiwauliza, mnataka liwe juu kiasi gani, wanasema kama la yule mzee. Hilo gari ni bango langu! Kesho nitawaonyesha nini, picha?"

"Waonyeshe kitambi chako. Nacho kimeinuka vizuri."

Nyundo alicheka, lakini hakushika spana. Alizunguka gari, akalipiga tairi teke la mapenzi. "Niambie basi ni kwa nini, ili nikifanya dhambi niijue."

"Barabara ni lami."

"Lami ipo siku nyingi."

"Nimeiona leo."

Mtu akijibiwa hivyo na mteja wa miaka yote hujua kwamba mlango umefungwa. Nyundo alikuna kichwa, akashika pengine.

"Springi za mwanzo nitazitoa wapi? Vyuma vya siku hizi ni karatasi."

"Ninazo."

Alikuwa nazo kweli, na rimu za mwanzo pia, na vipande vya madigadi. Idara ilikuwa na sheria kwamba dereva hapewi kifaa kipya mpaka akabidhi kibovu kwa mtunza stoo, na Springi aliifuata sheria hiyo hata alipokuwa hana idara, hana stoo wala mtunza stoo. Kila alichokitoa kwenye gari alikifuta, akakipaka oili, akakifunga kwa gunia na kukihifadhi nyuma ya nyumba, tayari kukabidhiwa. Sista alikuwa ameliita lundo hilo kwa majina mengi, na hakuna hata moja la kupendeza.

Kazi ilichukua siku ile na siku iliyofuata. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na kila moja Nyundo aliitukana kwanza ndipo akaigonga, kana kwamba inatakiwa ijue kosa lake. Kila pleti iliyotoka, Springi aliipokea, akaifuta, akaiweka kando. Nyuma gari likakaa. Mbele likakaa. Matairi makubwa yakatoka, yakaja yale ya zamani membamba, na jitu lile likawa na miguu ya mtoto wa shule. Turbo ilibaki kwa kuwa haikumzuia mtu kupanda. Bomba nalo lilibaki, na sasa lilionekana refu kuliko lilivyokuwa, kama kofia ya harusi kwenye kichwa cha mtu mfupi.

Nyundo alifuta mikono. Hakusimama mbali kulitazama. "Mzee," alisema, "ukipita hapa, usipige honi. Nitaangalia pembeni."

Mtaani kinyozi alimwona akiingia, akatoka na mkasi mkononi.

"Mzee Springi! Gari limekuwaje? Limekaa chini?"

"Limechoka kusimama."

"Na wewe tutakuitaje sasa?"

"Niite ukinyoa vizuri. Kwa sasa nyamaza."

Sista alitoka hadi barazani aliposikia sauti ya gari. Kwa mara ya kwanza ilikuwa imeingia uani bila kutanguliwa na paa juu ya ukuta. Alishuka ngazi za baraza moja moja, akishika ukuta, na safari hii Springi aliona namna anavyoshuka. Alilizunguka gari lote. Alisimama kwenye mlango wa abiria muda mrefu.

"Umelifanya nini?"

"Nimelishusha."

"Nani alikwambia ulishushe?"

"Lami."

Sista alimtazama. Alikuwa amewatazama hivyo wagonjwa wengi waliosema hawajambo.

"Juzi ulikuwa wapi adhuhuri?"

"Juzi? Jana."

"Jana basi. Ulikuwa wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya gari, Sista."

Kinyozi, ng'ambo ya barabara, alikuwa ameacha kunyoa kabisa, na mteja wake alikuwa amegeuza kichwa nusu kimenyolewa nusu bado.

"Uliniona na ukakaa kimya," alisema Sista kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa na bolti mdomoni."

"Na ulipoitoa?"

"Wewe nawe ulikaa kimya. Mimi najaza sponji, natandika raba, nanukisha gari kama saluni, na wewe unaniambia maua mazuri!"

"Ningekwambia ni goti, ungenitafutia jeki."

Kweli wazo la kuning'iniza kiti kwenye winchi lilikuwa limempitia Springi kichwani palepale chini ya gari, na alikuwa amelitafakari kwa makini kabla ya kuliacha.

"Tena nililipenda likiwa juu," Sista aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na kitu kingine. "Unajua kule juu nilikuwa naona nini? Uani kwa watu wote. Nani amefua, nani hajafua, nani ana mgeni. Mtaa mzima ulikuwa wangu. Nilikuwa naona na kusema moyoni, huyu mume wangu ana wazimu, lakini amenikalisha mahali. Halafu goti likaanza. Sikutaka wewe uwe wa kwanza kujua kwamba siwezi tena kuruka."

"Nilikuwa nakukataza kuruka."

"Ulikuwa unakataza huku unacheka."

Springi alichukua kitambaa akafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Naweza kuzirudisha pleti," alisema mwishowe. "Zipo zote. Sema tu. Nitapanda kile kisanduku cha mkwe, nikae nyuma, nisiseme neno hadi kwa dada."

"Hadi kwa dada usiseme neno? Wewe?"

"Nitajaribu."

Sista alifungua mlango. Alishika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja na kiti cha maua kwa mwingine. Springi alipiga hatua ya kumsaidia, akaona mgongo wake, akaelewa, akarudi. Mguu wa kushoto ukapanda ngazi na kufika. Ukakaa hapo kidogo, ukipima. Kisha kwa kuvuta na kusukuma na neno moja ambalo muuguzi mstaafu hapaswi kulijua, Sista akawa ndani. Akatengeneza nguo. Akahema.

"Bado liko juu kidogo," alisema.

"Ndivyo lilivyotoka kiwandani."

"Basi mimi ndiye sivyo nilivyotoka kiwandani. Nipe simu yangu nimwambie mkwe alale kesho."

Ijumaa waliondoka jua likiwa limechangamka. Springi aliwasha hita ya kupasha injini, akasubiri taa yake izime, akawasha injini, na moshi kidogo ukatoka nyuma, wa bluu, ambao hakushuka kuutazama. Alitoka getini akiwa anahesabu moyoni saa watakayofika milimani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna fundi angelifikiria. Gari lilipokuwa juu, watu walipita chini yake kama mbuzi. Walipunga mkono kuelekea mawinguni na wao wakapungiwa kutoka mawinguni, hapakuwa na zaidi. Sasa dirisha la Sista lilikuwa usawa wa nyuso. Muuza mkaa alisogea akauliza habari za goti, ambalo kumbe alilijua. Mama wa nyumba ya kona alitaka kujua wanakwenda wapi, watalala wapi, dada anaendeleaje, na kama kule viazi vipo. Hatua chache mbele alikuwapo mwanamke ambaye Sista alimzalisha wanawe wote, na wanawe wote wakaitwa watoke kusalimia, mmoja akiwa na ndevu.

Springi alitoa giya. Akakanyaga tena klachi, akaingiza, wakasogea, wakasimamishwa na mwingine. Akatoa tena.

"Sista, dada anatungoja."

"Ameningoja maisha yake yote. Huyu hapa ni mama wa yule kijana wa umeme, hujamsalimia."

"Hujambo, mama."

"Sijambo, baba. Mwambie Sista akirudi tuna maneno."

"Kwani nimeshaondoka?" Sista alisema, akateremsha kioo hadi mwisho, akatoa kiwiko nje. "Niambie sasa hivi. Dereva hana haraka."

Dereva alizima injini ili wasikilizane.